Kaburi Lililokuwa Kijani Wakati wa Theluji

Kisa hiki tulikipokea kwa babu yetu, Shaame bin Faki wa Chake Chake. Yeye alikisikia Mina, katika hija ya mwaka 1355 wa Hijria, kutoka kwa hujaji wa Kichina aitwaye Haji Sha, wakizungumza Kiarabu cha chuoni. Haji Sha alisimulia habari za babu yake mzaa baba, akamwomba babu yetu asiongeze neno. Nami siongezi.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uchina, unaopakana na nyika za Wamongolia, waliishi watu wa dini na mila nyingi, na wageni walitoka mbali kuja kuutazama. Walianzia kwenye hekalu la Wamongolia, wakapita penye mnara wa Wachina wenye vilele vitano, wakamalizia msikitini. Uani mwa msikiti palikuwa na kaburi la walii ambalo nyasi zake hazikukauka hata theluji ilipoufunika mji. Mtaa mzima wa Waislamu ulikula kwa kaburi hilo: wenye nyumba za wageni, wauza mkate wa ufuta, wachinja kondoo.

Mzee Sha, babu yake huyo Haji Sha, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akichemsha maji ya kutawadhia. Kiangazi kimoja mtaro uliziba. Alipoufukua aliona kwamba maji waliyooshea watu miguu yalipita katika mfereji wa vigae chini ya kaburi lenyewe. Akamwonea haya maiti. Bila kumwambia mtu, akaugeuza mtaro upande wa barabara.

Baridi ilipoingia, nyasi zikawa manjano.

Watu walianza kwa kunong'ona. Kisha wakakumbuka ni nani aliyeshinda karibu na kaburi.

"Walii hakasiriki bure," alisema muuza mkate. "Kuna mtu ana jambo."

"Na ufunguo wa ua anao mmoja tu," akajibu mchinja kondoo. "Huenda anachemsha maji ya udhu na mwenyewe hayagusi."

Wakacheka. Tangu hapo wengine walitawadha kwao kabla ya kuja, wasipokee maji mkononi mwake. Salamu yake ilijibiwa nusu.

Asubuhi moja mkewe, Bi Hai, aliweka chai mbele yake, naye hakuketi.

"Baba Yusufu, nimekaa nawe miaka thelathini. Niambie wewe kabla sijaambiwa na watu. Umefanya nini pale?"

Akamweleza habari ya mtaro. Bi Hai akaketi.

"Basi urudishe. Nyasi zitarudi, na jina lako litarudi."

"Na wageni nitakuwa nimewaonyesha nini?"

"Walichoonyeshwa siku zote."

"Siku zote nilikuwa sijui," alisema Mzee Sha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Imamu Ding alimwita uani mbele ya waumini. Msafara wa Wamongolia nao ulikuwa umesimama pale, umekuja kulitazama kaburi.

"Mzee Sha, apa kwamba hukufanya lolote kwenye kaburi hili. Ukiapa, yamekwisha, na kazi yako ibaki yako."

"Siwezi kuapa, Imamu. Nimefanya."

"Mmesikia wenyewe," alisema mchinja kondoo.

Mzee Sha akaeleza yote, na alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumshuku. Muuza mkate alisema kwamba mtu huyu anamtupia walii uchafu wake. Ndipo Mzee Sha akaomba pachimbwe pembeni mwa kaburi. Wakachimba, wakaukuta mfereji wa vigae. Akaleta ndoo ya maji ya moto, akaimimina ndani yake, na mvuke ukatoka ardhini upande wa miguuni mwa kaburi.

Bibi mmoja wa Kimongolia aliinama akaugusa udongo. "Una joto kama hema langu," alisema, akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Imamu Ding alisema taratibu: "Walii wetu tumemwogesha kwa maji ya miguu yetu, tukayaita karama."

Imamu alitaka watu wamwombe radhi. Mzee Sha alikataa. "Walisema nimefanya jambo, nami nimefanya."

Nyasi ziliachwa zikauke. Nyumba mbili za wageni zilifungwa mwaka huo, na mchinja kondoo alikufa bila kumsamehe. Mzee Sha aliendelea kuchemsha maji, na watu wakarudi kuyapokea mkononi mwake.

Ndugu zangu katika imani, dhana ya watu wale ililipata tendo, ikaikosa nia. Na ukweli wa mja yule haukumwongezea chochote cha kuonekana. Tusiuseme ukweli kwa kutazamia malipo ya mtaani.

Mzee Sha, Bi Hai na Imamu Ding walitangulia mbele ya haki zamani. Babu yetu alifariki mwaka 1961 wa Miladia. Haji Sha hatukupata tena habari zake baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliyebaki hai ni shangazi yetu, Bi Kazija binti Shaame, aliyekisikia kisa hiki kinywani mwa babake mwaka aliorudi kutoka hija.