Bei ya Ukoka

Akili ni mali, hakuna anayebisha. Lakini iko akili ambayo ikizidi kipimo humzuia mtu kukiona hata kilicho mkononi mwake. Wahenga waliliona hilo wakasema, akili nyingi huondoa maarifa. Wanafunzi huikariri methali hii darasani na kuisahau kengele ikilia. Sisi wa Kasingirima, hapa Ujiji, hatukupata nafasi ya kuisahau, maana tuliishi na Nuhu.

Ulikuwa mwaka ule ambao vita vya Zaire viliwavusha watu ziwa usiku na mchana. Mji ulifurika. Mashirika ya misaada yalipanga kila nyumba yenye paa zima, na magari meupe yenye milingoti ya redio yalipita barabara ya Ujiji mpaka kuku wakayazoea. Migebuka, samaki wetu wa ziwani, ilipanda bei, vyumba vilipanda bei, hata maji ya mkokoteni yalipanda bei. Aliyekuwa na chochote cha kuuza aliuza.

Nuhu hakuwa na cha kuuza ila nguvu zake, nazo zilikuwa zimekwisha. Alikuwa kuli bandarini. Siku moja, wakipakua unga wa wakimbizi, gunia lilimponyoka mwenzake likamwangukia Nuhu mgongoni. Hospitali walimwambia asibebe tena kitu kizito, kwani mgongo ukiteguka mara ya pili hatasimama. Tangu hapo mkewe Mwasiti ndiye aliyeilisha nyumba kwa vitumbua. Kila alfajiri alikaa mbele ya moshi huku mume amelala chali akihesabu mabati ya paa. Mwanamke yule alichoka, na hakuficha kwamba amechoka.

Ndipo Mungu alipomleta mjomba Jeremia. Mzee huyu, kaka yake marehemu mama Nuhu, alikuwa mtunza bustani wa misheni upande wa Kasulu. Padri mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia mashine ya kukatia majani. Ilikuwa ya petroli, yenye magurudumu manne, nyekundu kama pilipili. Jeremia aliipandisha juu ya basi, akaishusha mwenyewe mlangoni kwa Nuhu.

"Mwakeye, mwipwa wangu," alisalimu kwa Kiha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kitu hiki husukumwa mtu akiwa amesimama wima, mgongo wako hautalalamika. Sikuuzii wala sikukodishii. Kifanyie kazi. Mvua zikiisha nitakuja kukitazama. Nikikikuta kinakula majani, ni chako moja kwa moja. Nikikikuta kimelala, narudi nacho Kasulu. Kule wako vijana wanakililia."

Mwasiti alifuta machozi kwa pindo la khanga. Usiku ule alimshukuru Mungu kwa sauti, tukamsikia mpaka huku kwetu.

Sasa msikilize mtu mwenye akili nyingi. Wiki nzima ilipita na mashine haijavutwa kamba. Nuhu alizunguka mjini mikono nyuma, akitazama kuta, mageti na magari ya watu.

"Unatafuta nini?" Mwasiti alimwuliza.

"Bei."

"Bei imepotelea barabarani?"

"Mke wangu, bei si jambo la kukurupuka," alisema Nuhu. "Hapa kwetu nani amewahi kulipa mtu amkatie majani? Sisi ua tunaufagia mpaka unang'aa udongo. Majani hukatwa na wafungwa, na wanafunzi waliochelewa. Bei haipo, lazima niitunge. Mzungu awe na yake. Mtu wa Dar awe na yake. Mwenyeji awe na yake, na mwenyeji mwenye mtoto Uarabuni awe na nyingine. Majani yenye umande yana bei. Ya mteremko yana bei. Na mwenye gari la mlingoti, huyo ndiye hasa."

Mwasiti aliweka mwiko chini. "Kitumbua changu kina bei ngapi?"

"Moja."

"Sheikh akija?"

"Hiyo hiyo."

"Mlevi je?"

"Hiyo hiyo. Lakini vitumbua vinalingana, Mwasiti. Nyua hazilingani."

"Basi ua mdogo elfu moja, ua mkubwa elfu tatu. Nimekutungia. Chukua mashine uende."

Nuhu alitabasamu kwa huruma, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto wa chekechea. Tabasamu lile ndilo lililokuwa likimmaliza Mwasiti nguvu kuliko moshi wa jikoni.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Faridi wa mtaa wa Mwanga, mstaafu wa reli, ambaye alipanda ukoka mbele ya nyumba yake na kuupenda kama mjukuu. Alimwita Nuhu, akamkaribisha kiti, akaagiza kahawa.

"Haya, kijana, bei gani?"

"Mzee wangu, sisi ni watu wamoja. Wewe taja."

"Mwenye kazi ndiye hutaja."

"Mwenye ua ndiye mkubwa, mzee."

Walipigana chenga hizo mpaka kahawa ikaisha. Ni desturi yetu, siikatai. Sokoni Mwanga anayetaja kwanza amekwisha shikwa, na mnunuzi hodari hugeuza kisogo akaondoka taratibu, akijua muuzaji atamwita. Lakini kila mwenye desturi anajua pia mahali pa kuikomesha. Mwishowe Nuhu alitaja elfu moja na mia tano.

"Sawa," alisema Mzee Faridi. "Anza."

Mtu mwingine angevuta kamba. Nuhu alishikwa na homa. Amekubali upesi, aliwaza, kwa hiyo nimeuza rahisi. Akakohoa, akasema bei ile haikuhesabu umande. Kisha akakumbuka mawe. Halafu akauona mpera, akaeleza kwamba mashine kuuzunguka mti ni kazi yake peke yake. Mzee Faridi alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua vikombe vyake, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakugomba hata kidogo.

Yaliyofuata yalifanana na hayo. Rozalia, muuguzi, alitajiwa elfu mbili kwa sababu Nuhu alimwita dada. Jirani yake Shadya, mwenye ua sawa na ule, alitajiwa elfu tano kwa sababu mumewe aliendesha gari la shirika. Wanawake wale walichota maji bomba moja. Kabla ndoo hazijajaa, yule wa elfu mbili alijiona amedharauliwa kama maskini na yule wa elfu tano alijiona ameibiwa, na wote wawili wakamfuta Nuhu. Mjini wakaanza kumwita Bwana Inategemea. Mvua iliendelea kunyesha, majani yaliendelea kurefuka, na mashine ilikaa chini ya gunia, nyekundu vile vile.

"Nuhu," Mwasiti alimwambia siku moja, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena, ilikuwa imechoka tu. "Mvua zinaelekea mwisho. Mjomba si mtu wa mzaha. Mashine ikiondoka, utarudi bandarini. Nakujua, hutakubali kula vya mwanamke milele. Na ukirudi bandarini nitakuja kukubeba kwa machela. Hilo huliwazi katika hesabu zako?"

Nuhu aliliwaza, kusema kweli. Ndilo lililomfanya azidi kupiga hesabu, maskini, badala ya kukata majani.

Basi bahati ikamjia tena, kana kwamba ya kwanza haikutosha. Katika mji wa Kigoma, kwenye mteremko unaotazama ziwa, shirika moja lilikuwa limepanga nyumba tatu za zamani zenye ukoka mpana. Msimamizi wa nyumba zile alikuwa Catherine, mwanamke wa Njombe, asiyependa maneno. Alisikia habari za mashine, akatuma ujumbe: aje kesho, kazi ya kila wiki, nyumba zote tatu.

Asubuhi Mwasiti aliacha vitumbua vikiungua akamsindikiza mumewe hadi barabarani.

"Sema."

"Elfu tatu kila nyumba."

"Tena."

"Elfu tatu kila nyumba, Mwasiti. Mimi si mtoto."

"Na akikubali?"

"Navuta kamba."

"Na akikubali upesi?"

Nuhu alisita kidogo. "Navuta kamba."

Alisukuma mashine njia nzima, akipumzika kila mgongo ulipomuuma, na midomo yake ilikuwa ikirudia elfu tatu, elfu tatu. Laiti wangemfunga macho getini. Maana alipoingia aliona magari matatu ya mlingoti. Aliona jenereta. Aliona mtungi wa maji ya kunywa uliosimamishwa kichwa chini. Zile elfu tatu zikafa mdomoni mwake.

Catherine alitoka barazani, kalamu sikioni. "Karibu, kaka. Umeona nyua zetu. Kila nyumba bei gani?"

"Elfu ishirini," alisema Nuhu.

Ilikuwa bei ya kuanzia, jamani. Kila mtu wa Ujiji angejua ni ya kuanzia. Nuhu alitegemea mama yule apige kofi, aseme "We kaka, unataka kuniua," ataje elfu moja, kisha waanze safari ya kukutana njiani. Catherine hakupiga kofi. Alimtazama, akatazama mashine.

"Asante kwa kuja," alisema. "Kwaheri."

Hapo Nuhu akafurahi. Kumbe naye anaujua mchezo, aliwaza. Akageuza mashine, akaondoka taratibu ili aitwe. Alifika kwenye maua, hakuitwa. Aliinama akajifanya anakaza skrubu ya gurudumu, hakuitwa. Alifika getini, akamsalimu mlinzi, akamwuliza habari za nyumbani, za watoto na za kilimo, na mlinzi alipokwisha kujibu zote bado hakuna aliyemwita. Akageuka. Baraza lilikuwa tupu. Mama amekwisha ingia ndani kufanya kazi zake.

Nuhu alirudi mbio, mgongo akausahau. "Dada, dada. Kumi na tano." Catherine alitokeza mlangoni. "Kumi. Basi tano. Tatu, dada yangu. Elfu tatu kila nyumba, naanza sasa hivi."

Msimamizi yule hakuonyesha hasira. Nadhani ingekuwa nafuu angekasirika.

"Kaka," alisema, "sijasema neno, nawe umeshuka kutoka ishirini mpaka tatu. Wiki hii ni tatu. Wiki ijayo utaniambia ngapi? Mimi nina nyumba tatu na wageni wanaolala. Nataka mtu nikimlipa leo, kesho nisigombane naye."

"Lakini tatu ndiyo bei yangu ya kweli, dada. Wallahi."

"Sasa mbona hukuisema?"

Kazi wakapewa vijana wawili wa Ilagala wenye mafyekeo. Walitaja elfu nne kila nyumba, mara moja, na Catherine akakubali. Ndiyo, elfu nne. Habari hiyo ilipomfikia Mwasiti alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akatazama ukuta, na siku ile hakupika.

Mvua ziliisha. Majani yakawa manjano, vumbi likarudi, na mjomba Jeremia akarudi nalo. Alipokea salamu, akanywa maji, kisha akaondoa gunia. Aliinamisha mashine akapitisha kidole chini kwenye kisu. Kidole kilitoka na mafuta masafi yale yale aliyoyapaka kabla ya kuileta. Hapakuwa na unyasi hata mmoja.

"Mjomba, nipe msimu mmoja," alisema Nuhu. "Nimekwisha jua makosa. Safari hii nitatengeneza bei za aina mbili tu, au tatu, kulingana na..."

"Nuhu," Mwasiti alimkatiza. "Nyamaza, baba. Nakuomba."

"Nimekupenda kama mwanangu," alisema Jeremia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini mashine hii inakula majani, haili maneno. Nitafutieni mtu wa mkokoteni."

Alikuwa anapita Dismasi, kijana wa mkokoteni, akirudi mtupu kutoka mashine ya kusaga unga. Jeremia alimsimamisha, akamwuliza kiasi gani kupeleka mzigo ule kwenye mabasi ya Kasulu, pale Mwanga.

"Mia tano, mzee," alisema Dismasi.

"Haya, pakia."

Ikapakiwa. Mkokoteni ulilia kwenye kona, na kile chekundu kikapotea nyuma ya ukuta wa msikiti. Mwasiti alibaki amesimama mlangoni na Nuhu kando yake.

"Umesikia?" alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Ni hivyo tu. Ilikuwa ni hivyo tu."

Asubuhi iliyofuata Nuhu alifunga kiuno kwa khanga ya mkewe, akaikaza mpaka pumzi ikawa fupi, akaelekea bandarini. Mwasiti hakuweza kumtazama akiondoka. Kule bandarini bei ya kila gunia ilikuwa moja, imepangwa na watu wengine, na hakuna aliyemwuliza Nuhu anaonaje. Alipinda mgongo, wakamtwika. Akili nyingi huondoa maarifa, na mwenye nazo alipoinua kichwa kuyatafuta, gunia lilikuwa limekwisha kaa mabegani.