Daraja la Koplo Chilongani

Mtu mmoja alikuwa na lori, na siku zote alikuwa na haraka. Jina lake Sadala. Siku moja ya masika alipakia vitunguu, akashika barabara kuu kwenda upande wa mama yake, ng'ambo ya mto Chinyika. Mto ule hukauka karibu mwaka mzima. Barabara haikuwa na daraja wakati huo. Ilishuka tu ikapita juu ya zege lililolazwa mchangani, na mvua ikinyesha milimani, maji huja ghafla na kulifunika.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekuja. Magari yalisimama foleni, na mbele yake alisimama askari wa usalama barabarani, Koplo Noeli Chilongani, ameloa chapachapa, ameinua mkono. Alikuwa akiwaambia madereva wote jambo moja: subirini, mto huu hushuka wenyewe. Sadala aliona vitunguu vyake vikioza. Akaona pia kwamba askari yule ni mtu tu, na mkono wake ni mkono tu. Akatoka kwenye foleni, akampita pembeni, akaingia majini.

Lori halikufika katikati. Mkondo ulilisukuma nje ya zege, likainama upande mmoja, na Sadala akajikuta amepanda juu ya kichwa cha lori, hajui kuogelea. Watu waliokuwa ukingoni walimtukana kwanza, kisha wakanyamaza. Koplo Chilongani hakumtukana. Alivua kofia na buti, akachukua kamba iliyokuwa juu ya basi, ncha moja akawapa abiria waishike, ya pili akajifunga kiunoni, akaingia. Alipomfikia Sadala alijifungua ile kamba, akamfunga yeye. Watu wakavuta. Sadala alipogusa nchi kavu na kugeuka, lori lilikuwa limebiringika, na askari hayupo. Mwili wake ulipatikana kesho yake kwenye mashamba ya mtama, mbali sana huko chini.

Sadala hakwenda mazikoni. Alijiambia atakwenda arobaini, na arobaini ikapita. Aliacha udereva, akapata kibarua kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mkewe alipojifungua mtoto wa kike, majirani walikuja kumpongeza, naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuona haki ya kupongezwa kwa siku za uhai ambazo zilikuwa za mtu mwingine. Mama yake alizidi kuzeeka kule ng'ambo, akituma salamu kwa kila msafiri, lakini Sadala hakuweza kuuvuka mto ule, hata kiangazi, hata ukiwa mchanga mtupu. Watu walimwona mpole. Walidhani ndivyo alivyoumbwa.

Miaka ikapita, ndipo serikali ikajenga daraja. Redioni wakatangaza kwamba siku hiyo litapewa jina la Koplo Noeli Chilongani, na kwamba mjane wake ndiye atakayekata utepe. Mkewe Sadala alipunguza sauti ya redio, akamtazama mumewe. "Nenda," alisema. "Usipokwenda leo, hutakwenda tena."

Akaenda. Aliwakuta watu wengi, maturubai, na bendi ya polisi. Viongozi walisema maneno mazuri: kwamba marehemu alijitoa kwa ajili ya taifa. Sadala alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya wote, naye alijua kwamba marehemu hakujitoa kwa ajili ya taifa. Alijitoa kwa ajili ya mtu mmoja mkaidi mwenye vitunguu. Pazia likavutwa, jina likaonekana kwenye kibao, utepe ukakatwa, na watu wakaanza kuvuka kwa miguu huku wakipiga vigelegele.

Mjane, jina lake Tabea, alibaki kidogo mbele ya kibao, ameweka kiganja juu ya jina la mumewe. Sadala akamwendea.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa kwenye lori."

Tabea hakupaza sauti. Alimtazama mtu yule, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati wake. Sadala aliinamisha kichwa kungoja chochote kitakachokuja, kofi au laana, na moyoni aliona vyote ni haki yake.

"Nimekungoja sana," Tabea alisema hatimaye. "Wenzake wote niliwauliza, na abiria walioshika kamba niliwatafuta. Walikuwa mbali, maji yalikuwa na kelele. Wewe peke yako ulikuwa karibu naye. Mume wangu alisema nini?"

Hapo Sadala akaelewa alichokuwa amekifanya. Alidhani anajificha na aibu yake mwenyewe, kumbe alikuwa amejificha na neno la mwisho la marehemu, neno ambalo halikuwa lake, huku mwenyewe, mjane huyu, akilitafuta mlango kwa mlango. Akalia mbele za watu. Kisha akasema, "Nilikuwa nimemng'ang'ania, sitaki kumwachia. Akaniambia, 'Usinitazame mimi. Tazama nchi kavu, uende.'"

Tabea akafumba macho. Midomo yake ikayarudia maneno yale polepole, kama anayeonja chakula cha nyumbani baada ya safari ndefu. Ndivyo alivyokuwa akizungumza Noeli, maneno machache, bila kupamba. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, akamshika Sadala mkono, akamuuliza, "Sasa mbona bado umesimama hapa, baba?"

Wakavuka wote wawili. Upande wa pili Tabea akarudi kwa wageni wake, na Sadala akaendelea kwa miguu hadi akapata gari la kumpeleka kwa mama yake. Alimkuta hai, macho yamefifia, ameketi akipeta mtama. Mama hakumtambua kwa sura. Alimtambua kwa sauti, akauacha ungo uanguke.

Magari yanapita juu ya daraja lile mchana na usiku, na wengi hawasomi kibao. Hao tusiwalaumu sana. Lakini wewe unayekijua kibao kwa moyo, wewe uliyevutwa kutoka majini na mtu ambaye hakutoka, mpaka leo umeketi ukingoni unamlilia: ni nani aliyekuambia kwamba alikufa ili ubaki hapo?