Aliyeuzima Moto wa Kwemafiga

Enzi za mababu wa mababu zetu, kabla barabara haijaukata mlima huu na kabla yeyote kati yetu hajajua kuandika jina lake, alizaliwa Shebuge mwana wa Kihedu, Kihedu mwana wa Mbelwa, wa ukoo wa wahunzi waliotoka upande wa machweo. Shebuge mabega-ya-mwamba, Shebuge viganja-vya-makaa, aliyekijenga kijiji hiki ambacho leo mnakikanyaga magugu matupu. Huyo ndiye babu yetu sote tuliopanda hapa asubuhi hii, isipokuwa wewe, mkwe wetu mpya, uliyekwisha kutoa kiberiti utuchemshie chai. Kirudishe mfukoni kwanza, baba. Hujakosea, ni kwamba hukuambiwa. Sikiliza, kisha nitakwambia la kufanya.

Shebuge aliwaongoza watu wake wakiikimbia njaa, na moto wa jiko la mama yake aliubeba ndani ya chungu. Njiani mvua iliwakuta na chungu kikapasuka. Wengine walilia wakijua wamekwisha, lakini yeye aliyachota makaa kwa viganja vitupu, akayakinga kifuani, akapanda nayo mpaka hapa huku nyama ya mikono yake ikiungua na waliomfuata wakiisikia harufu. Mnashtuka? Mimi bibi yenu nimeisimulia habari hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na bado nami hushtuka nikifika hapo. Kisha kwa mikono hiyohiyo yenye malengelenge akashuka mtoni, akapandisha mawe matatu, kila moja la kuwashinda wanaume wanne, akayapanga mafiga haya mnayoyaona. Ndipo mahali hapa pakaitwa Kwemafiga.

Moto ulipokolea, alisimama juu ya figa moja akatoa sheria. "Moto huu ndio kijiji. Maadamu unawaka, hakuna atakayehama. Hautatoka kwenda kwa mgeni, hata kijinga kimoja. Na atakayeuzima si mtu tena: hatazikwa, hatatambikiwa, na jina lake halitapewa mtoto." Watu wakaitikia kwa sauti moja. Wakaishi, wakazaana, migomba ikaujaza mteremko, na Kwemafiga ikajulikana milima yote kuwa kijiji kisicholala baridi.

Sheria ni tamu siku ya kuitoa. Mwaka mmoja, wakati wa masika, mafuriko yaliingia nyumba zote za bondeni, na huko hakukubaki jiko lenye moto. Mwanamke wa bondeni aitwaye Mangoza akaupanda mlima, mtoto mchanga mgongoni, akapiga magoti pale penye nyasi ndefu na kuomba kaa moja. Watu wakamtazama Shebuge. Na Shebuge, aliyeunguza mikono yake ili watoto wa kwao wasife kwa baridi, akatikisa kichwa! Mangoza akashuka bila kumtukana mtu. Mtoto alifia mgongoni njiani, na mama hakujua mpaka alipomshusha nyumbani kumnyonyesha. Huyo ni babu yetu aliyefanya hivyo. Naona aibu kulisema, na nitalisema kila mwaka mpaka nife.

Habari ilipofika huku juu, Shebuge hakuota moto tena. Hata wakati wa kipupwe alikaa mbali na mafiga, amejikunyata, na watu wakadhani ni uzee unamwingia.

Miaka ikapita, na masika mengine makali yakaja. Ardhi iliyo juu ya kijiji ikapasuka. Ufa ulianza mwembamba wa kupitisha fimbo, ukapanuka ukameza mbuzi, na chemchemi ikaanza kutoa maji mekundu. Shebuge akalaza sikio chini akasikia mlima ukisaga ndani kwa ndani. Akawakusanya watu akatamka: "Mlima unashuka. Hameni leo."

Hakuna aliyeinuka. Mdogo wake Mahimbo, mtu mwema ila mtiifu kupita kiasi, akamjibu kwa adabu zote: "Kaka, moto unawaka. Ulisema mwenyewe kwamba ukiwaka hatuhami. Tukiondoka tutakuwa tumekukana wewe na wazee wote." Wanaume wakaunga mkono, na wanawake wakaendelea kumenya ndizi. Jamani! Mauti yanachungulia juu ya mapaa yao, nao wanamenya ndizi. Tungekufa wote kwa utii, na leo kusingekuwa na wa kusimulia.

Shebuge hakubishana nao. Kesho yake alfajiri alichukua kibuyu akashuka bondeni peke yake, na jua lilipofika utosini akarudi kibuyu kikiwa kimejaa maji ya mto. Alipita katikati ya watu, akayafikia mafiga yake, akaumimina mto wote juu ya moto aliouchukua kwa viganja vyake. Moto ukalia, moshi ukafunika uwanja, kisha kimya. Kimya hicho bibi yangu alikisimulia kwa kunong'ona, maana nyanya yake alikuwamo. Halafu mwanamke mmoja akapiga ukunga wa msiba, wazee wakaanguka chini, na Mahimbo, yule mtiifu, akanyakua shoka huku machozi yakimtoka.

"Moto umekufa," Shebuge akatamka. "Kijiji kimekufa. Hakuna tena cha kuwazuia. Ondokeni."

Wakamtemea mate miguuni. Wakakusanya watoto na mbuzi, wakateremka bila kumuaga. Nani angemuaga mtu ambaye si mtu tena? Aliyebaki nyuma ni Mboza tu, mjukuu wake, ambaye sisi sote tumetoka tumboni mwake. Shebuge akampa chungu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. "Usikifunue mpaka mvuke mto."

"Babu, twende wote," Mboza akamsihi.

"Sheria ni yangu, mjukuu wangu. Wa kwanza kuilipa ni mimi." Akaketi kwenye majivu, mgongo wake ukiegemea figa.

Wa mwisho wao alikuwa ndiyo kwanza anakanyaga ng'ambo ya mto pale mlima uliposhuka. Waligeuka wakatazama, na kijiji hakikuwepo. Hakukuwa na nyumba, wala mgomba, wala njia waliyojia. Mahimbo akalitupa shoka majini, akakaa chini akijipiga kifua. Kisha mtu akakikumbuka chungu, na huzuni yote ikageuka kelele za furaha: mzee amewawekea moto! Wakatafuta nyasi kavu, wakamzunguka Mboza, naye akafunua.

Majivu. Majivu matupu, yaliyolowa, ya baridi.

Mvua ikaanza tena na watoto wakaanza kutetemeka. Bonde zima, nyumba iliyokuwa karibu ikifuka moshi ni moja tu, na ilikuwa ya Mangoza. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na uso wa kwenda. Mboza akaenda, akapiga magoti mlangoni akasema, "Hodi, mama. Tunaomba moto."

Mangoza akasogea mlangoni. "Alikuja asubuhi," akasema. "Alipiga magoti hapohapo ulipo. Akaniambia, 'Leo watu wangu watakuja kukuomba moto. Ukiwanyima hutakuwa umewakosea, maana mimi nilikunyima.' Nikamuuliza kwa nini asiwape wa kwake. Akasema, 'Wakienda na moto wangu, watakwenda na sheria yangu.'" Akaingia ndani, akatoka na kijinga kinachowaka, akampa mkononi. "Chukueni. Baridi haiulizi ukoo."

Mvua zilipokatika, watu wetu walipanda kuchimba. Waliyakuta mafiga yote matatu yamesimama kama yalivyo sasa. Shebuge hawakumwona, hata mfupa, na mimi sitawadanganya kwamba najua alikokwenda. Mahimbo alitaka laana ifutwe, lakini neno lililotamkwa juu ya mafiga halifutiki. Hadi leo hakuna mtoto wa ukoo wetu anayeitwa Shebuge.

Lakini Mangoza alijifungua tena, mtoto wa kiume, akawaita watu wetu waje kusikia jina. Wakaenda kwa hofu. Akamwinua mtoto akatamka: "Shebuge." Wanaume wazima wakaanguka kifudifudi wakilia. Yule tuliyemwulia mtoto ndiye aliyelitunza jina la babu yetu, na jina hilo limerithiwa katika nyumba yake mjukuu kwa babu hata sasa.

Basi, mkwe wetu, inuka. Kiberiti kikae mfukoni, hata sisi tunavyo. Shuka mpaka kwenye ile nyumba ya bati jekundu ng'ambo ya mto, bisha hodi, muulizie Shebuge. Akitoka, piga magoti, umuombe moto.