Betri Haifi Siku Inayogoma

Betri haifi siku inayogoma. Mliisikia Jumamosi kwenye harusi ya Subilaga, mama mmoja aliposimama kumpa bwana harusi wosia, akasema maneno hayo manne tu, akakaa. Watu wazima tukapiga makofi. Ninyi vijana mkacheka, mkidhani mama wa watu amechanganya harusi na gereji. Sasa mmeniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wanangu, na wala haikuanzia mbali. Ilianzia hapa hapa kijijini kwetu, katika nyumba ya Ambakisye, dereva wa bodaboda, na mkewe Tusekile, wazazi wa Nsajigwa.

Ambakisye alikuwa kijana mchapakazi, mwepesi wa kucheka, na pikipiki yake aliipenda kupita kiasi. Kila jioni aliifuta tope hadi ikang'aa. Alipenda kinachoonekana. Kilichofichika chini ya kiti hakikumkosesha usingizi.

Betri ya kwanza ilipochoka, walikwenda mjini Tukuyu pamoja kununua nyingine. Mwenye duka akaweka mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya kawaida, ya kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na ilikuwa imeingia dukani mwezi ule. Nyingine ilikuwa na karatasi ya dhahabu na picha ya simba, nayo ilitolewa rafu ya juu kabisa, vumbi limeigandia.

"Hii imekaa humu tangu lini?" Tusekile aliuliza.

"Mama Nsajigwa, betri si maziwa kwamba itachacha," Ambakisye alimjibu akicheka, akambeba simba wake.

Mwenye duka alimwambia aichaji kwanza polepole mpaka ijae ndipo aifunge. Hakuwa na subira hiyo. Aliifunga pale pale, wakarudi nyumbani nayo. Wiki haikuisha, akaongeza redio, taa za rangi kwenye magurudumu, na waya wa kuchajia simu za abiria. Vyote vikanyonya betri ile ile moja.

Miezi ikapita. Tusekile ndiye aliyekuwa akikaa nyuma ya pikipiki ile kila Jumapili, na masikio yake yalikuwa mazima. Akamwambia mumewe kwamba honi imekauka sauti. Ambakisye akasema ni baridi ya huku milimani. Akamwambia taa inafifia pikipiki ikisimama. Akasema ni ukungu. Akamwonyesha unga mweupe ulioota kwenye vichwa vya betri, nyaya zikicheza. Akasema, "Nitaangalia." Siku moja aliangalia kweli, akakuta maji yamepungua, na badala ya kununua maji ya betri akachota ya mtoni, akajazia, akafunga kiti, akaenda zake.

Katika miezi hiyo hiyo Tusekile alikuwa na jambo lake. Aliacha shule kidato cha tatu baba yake alipofariki. Sasa, mtoto wao Nsajigwa akiwa ameanza darasa la kwanza, alijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alisoma huku akipalilia, daftari limefungwa kwenye khanga. Wakati mwingine alimwomba mumewe amsikilize akikariri. Ambakisye alisema, "Kesho," naye akawa anakariri mbele ya mbuzi.

Jumatatu ya mtihani ikafika. Karatasi ya kwanza ilianza saa mbili asubuhi, katika shule moja mjini. Saa kumi na mbili Tusekile alikuwa amevaa, kalamu mbili mkononi. Ambakisye akakaa kwenye pikipiki kwa madaha, akabonyeza kitufe. Ikasikika *tik*. Akabonyeza tena. *Tik*. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zile zisizo na kiki ya kuwashia kwa mguu, ni kitufe tu. Wakaisukuma mteremkoni, yeye juu, mkewe nyuma, viatu vya mtihani vikizama kwenye matope. Haikukohoa hata mara moja.

"Ngoja nimkimbilie Mzee Mwandemele!" alisema Ambakisye.

Mzee Mwandemele, fundi wetu, alikaa upande wa pili wa kilima. Alikuja na betri yake mwenyewe, akafungua kiti, akaichungulia ile betri ya simba. Vyumba vitatu vya maji vilikuwa vikavu kabisa, ndani mweupe kama chokaa.

"Imekufa leo asubuhi, Mzee. Jana ilikuwa nzima," Ambakisye alisema.

Mzee alifunga betri yake, pikipiki ikaunguruma. Lakini Ambakisye alipogeuka, Tusekile hakuwepo. Alikuwa ameondoka zamani, kwa miguu, viatu mkononi.

Ambakisye alimfuata barabara nzima bila kumwona. Kila alipopinda kona alitazamia kuiona ile khanga ya bluu, na kila kona ilikuwa tupu. Alifika shuleni saa tatu kasoro. Geti limefungwa, kimya. Mlinzi hakumjua Tusekile wala hakuwa na orodha. Ambakisye akakaa kwenye jiwe nje ya geti. Abiria walimwita, akatikisa kichwa. Wanangu, mtu akikaa kwa saa mbili nzima hajui kama ameivunja ndoto ya mkewe au la, hapo ndipo husikia yote aliyoambiwa mwaka mzima.

Watahiniwa walipotoka, naye alikuwemo, matope yamekauka miguuni. Gari la majani ya chai lilikuwa limempa lifti. Alichelewa dakika ishirini, msimamizi akamruhusu aingie.

Ambakisye akainuka. "Mke wangu, nisamehe. Betri ilikufa ghafla, na siku yenyewe ndiyo hii."

Tusekile siku zote alimwita Baba Nsajigwa. Siku ile alimwita kwa jina lake.

"Ambakisye, betri haifi siku inayogoma. Ile ilianza kufa dukani. Ikafa ulipoifunga na njaa yake. Ikafa honi ilipokauka, ikafa ulipoinywesha maji ya mto. Leo imekuarifu tu." Sauti ikamshuka. "Na mimi pia nilikuwa nikikuarifu."

"Wewe? Nini?"

"Kwamba ninakariri na mbuzi."

Ambakisye alitaka kucheka, akashindwa, machozi yakamtoka pale getini mbele za watu. Tusekile naye akacheka kwa niaba yake, akamfuta uso kwa pindo la khanga. "Haya, twende. Kesho ni Jiografia, na hujanisikiliza hata mto mmoja."

Jioni ile alimsikiliza mito yote, akimsahihisha pasipohitaji kusahihishwa. Asubuhi zote zilizobaki walifika mapema. Baadaye alinunua betri ya kipimo cha kitabu, mpya, akaiacha kwenye chaji mchana kutwa kwa Mzee Mwandemele kabla ya kuifunga. Taa za rangi alizing'oa. Kila Jumapili alisugua vichwa vya betri kwa maji ya moto, akakaza nyaya, akapima maji. Halafu alinawa mikono, akaingia jikoni, akavuta kigoda. "Mama Nsajigwa, wiki yako ilikuwaje?" Akakaa hapo mpaka amejibiwa.

Betri ile ilidumu miaka mitano, na mafundi walikuwa wakija kuitazama. Tusekile alifaulu, akasomea uuguzi, na leo ndiye anayewachoma sindano watoto wenu pale zahanati. Maneno ya Tusekile, Mzee Mwandemele aliyasikia kwa Ambakisye mwenyewe, akayasema gerejini, na gerejini hakuna siri. Yakahamia sokoni, kanisani, hatimaye harusini.

Basi mkimwona mtu ameshangaa kwamba shamba lake limechoka ghafla, rafiki amemwacha ghafla, mke amenyamaza ghafla, msimbishie. Mwambieni tu, kwa upole kama alivyosema Tusekile: betri haifi siku inayogoma.