Muda wa Kusimama Njiani

Wapendwa, leo nina hesabu. Msigune. Wale ambao hisabati iliwapiga chenga tangu shule ya msingi watulie tu, sigawi mtihani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la sita, mwalimu mzuri hasa, mwenye kupenda kazi yake. Siku ya kufundisha mwendokasi hakutaka mifano ya treni ambazo watoto wale hawajawahi kuziona. Aliwaambia, "Kesho kila mmoja atazame saa akitoka nyumbani, na atazame tena akifika hapa. Umbali wa kwenu ninaujua. Tutagawanya umbali kwa muda, tujue nani ana miguu na nani ana magogo."

Kesho yake akawa anaandika majibu ubaoni. Huyu kilomita tano kwa saa, makofi. Yule nne na nusu, makofi. Ikafika zamu ya binti mmoja aliyekuwa akichelewa karibu kila siku, na kila akichelewa anafagishwa uwanja.

"Kwenu ni kilomita sita. Ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, mwalimu."

"Ukafika?"

"Saa mbili."

Mwalimu akagawanya. "Kilomita mbili kwa saa! Jamani, huyu hata kobe angemwacha!" Darasa zima likaangua kicheko.

Binti akanyoosha kidole. "Mwalimu, kama mtu alisimama njiani, ule muda wa kusimama unatolewa?"

"Hautolewi. Wastani unachukua safari yote, na kusimama kwako ndani yake. Kaa chini."

Niwaulize, mwalimu alikosea hesabu? Hakukosea. Nendeni mkagawanye wenyewe. Ila kuna swali moja hakuuliza: mwanangu, ulisimama wapi?

Katikati ya njia ile kulikuwa na kituo cha afya, na humo mama wa binti huyo alikuwa amelazwa. Mnazijua hospitali zetu. Mgonjwa atapata kitanda na dawa, lakini uji unatoka kwa ndugu, kuogeshwa ni kazi ya ndugu, shuka zinafuliwa na ndugu. Na yule mama ndugu yake alikuwa mtoto huyo tu. Alitoka nyumbani gizani na chupa ya uji kwapani, akamlisha mama yake kijiko kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza upande, akafua, akaanika, halafu akakimbia kwenda shule. Naam, alikimbia! Yule waliyemcheka kwa kobe alifika darasani akihema, na hakuna aliyejiuliza kobe gani anahema.

Shule ikafungwa wiki moja. Mwalimu akaenda kwao, mbali, akarudi Jumatatu asubuhi. Akaingia darasani akamkuta binti yule ameshaketi kabla ya kengele. Alifurahi, maskini, furaha ya kweli.

"Leo umetoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mwalimu."

"Na umefika saa moja na nusu!" Akaichukua chaki. "Kilomita nne kwa saa! Mara mbili ya siku ile! Mnaona mtoto akiambiwa anavyosikia? Haya, mpigieni makofi."

Hakuna aliyepiga. Watoto wale ni wa kijiji kile, walikuwepo wiki nzima. Wote waliinamisha vichwa.

"Mna nini leo? Nimesema makofi!"

Binti akasimama kwa adabu, kama mtoto anayejibu swali. "Mwalimu, leo sikusimama popote. Mama tulimzika Alhamisi."

Wapendwa, inaniuma kulisema hili, na afadhali iniume. Mwalimu yule alitaka kufuta ubao, akakirudisha kifutio mezani. Angefuta nini? Jibu lilikuwa sahihi.

Na sisi je? Sisi tuna chaki mifukoni. Fulani haonekani kwenye jumuiya, tunamgawanya. Jirani amepoa siku hizi, hasalimii, tunamgawanya. Tunapata jibu, tunalitangaza hadi kisimani, na wala hatusemi uongo! Huo ndio ubaya wake. Mtu anaweza kusema kweli tupu juu ya mwenzake na bado akamtenda dhambi, kwa sababu hakujali kumuuliza. Aliye msibani hatuambii. Anaona aibu, au amechoka, au alijaribu siku moja kunyoosha kidole tukamwambia akae chini.

Asubuhi hii, tukiwa kwenye somo la pili, mlango ulilia na watu wakaingia. Niliziona shingo zikigeuka. Wale watu wako hapo nyuma, na tukimaliza watakuwa wa kwanza kutoka, maana anayetazamwa vile hapendi kukawia. Wakimbilieni. Shikeni mikono yao, waulizeni, "Nyumbani mnaendeleaje?" Halafu, nawaomba sana, msiwajibie wenyewe upesi "Tunamshukuru Mungu" mkaondoka. Ngojeni wajibu.