Uji Mchachu wa Bibi Sikudhani

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Nikisimulia mimi hata mbuzi huacha kutafuna, seuze nyinyi! Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Zamani, zamani sana, kabla babu wa babu yako hajajua kufunga shuka, palikuwa na kijiji kando ya mbuga nyeupe ya chumvi. Mbuga haina mti, haina jiwe, haina njia. Upepo ukiinuka, vumbi linafunika jua, na aliye ndani hajui atokako wala aendako. Anazunguka, anazunguka, mpaka kiu inamlaza. Ndiyo maana kijiji kilikuwa na baragumu. Vuuuu! Vuuuu! Aliyepotea anafuata sauti, anarudi.

Mpigaji alikuwa Tungaraza. Kijana, kifua kama mlango, majivuno ya jogoo. Na palikuwa na amri: uchachu marufuku ndani ya boma. Mpigaji mmoja wa kale alipiga baragumu na ukwaju mdomoni. Mate yakamjaa, baragumu likalia pwaaa, watu wakapotelea mbugani. Tangu hapo, si ukwaju, si ndimu. Anayetaka kuchachua atoke nje.

Bibi yake Tungaraza, Bibi Sikudhani, alipofiwa na mumewe, aliyepiga baragumu kabla ya Tungaraza, akatoka. Akajenga kibanda nje ya boma. Kila asubuhi anakamua ukwaju alioulowesha, anautia kwenye uji wa mtama. Koroga, koroga, koroga. Anakunywa, uso unajikunja, anacheka. Iwe mvua, liwe jua, kila siku.

"Bibi, sura hiyo nani atakuoa tena?" Tungaraza akipita humtania.

"Si wewe, mume wangu? Njoo uonje. Sitaki kuzikwa na kibogoyo."

"Mimi, mpiga baragumu? Thubutu!"

Ukaja ukame. Mboga zikakauka, maziwa yakakatika. Asubuhi ugali mkavu, jioni ugali mkavu. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa, ugali mkavu. Kisha fizi zikavimba. Zikatoa damu. Meno yakalegea, miguu ikatoka madoa meusi. Wazee wakasema ni laana. Tungaraza naye alitema damu, akaifukia kwa unyayo mtu asione. Angesema nini, na kifua chote kile?

Siku moja wanawake walikuwa mbugani wakikusanya chumvi. Nyamizi, mke wa Tungaraza, yumo, na mimba yake changa. Upepo ukainuka. Vumbi likafunika jua.

Tungaraza akapanda juu ya kichuguu. Akabana midomo kwenye baragumu. Fizi zikawaka moto. Pfff. Akarudia. Pfff. Damu ikamchuruzika kidevuni. Baragumu akapewa kijana mwingine: pfff. Akapewa mwingine: jino likaanguka. Kijiji kizima, hakuna mdomo mzima.

Tungaraza akateremka. Akakimbia kwa miguu isiyo na nguvu, mpaka kibandani.

"Bibi! Nyamizi yumo mbugani."

Bibi Sikudhani hakumcheka. Hakusema si nilikwambia. Alisukutua kwa maji, akatema, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Wewe? Mwanamke?"

"Babu yako alinifundisha, mlango tumeufunga. Na uji huu, mume wangu, tulikunywa sote wawili, yeye na mimi. Alipiga kwanza, akanywa baadaye. Wewe ulidhani alipiga mpaka uzeeni kwa ugali mkavu? Lete hilo baragumu!"

Akapanda kichuguuni, mgongo umepinda, meno yote kinywani. Vuuuu! Wazee wakainamisha vichwa. Hakuna aliyetaja mwanamke, hakuna aliyetaja amri. Vuuuu! Akatokea mmoja vumbini, mweupe kama mzuka. Vuuuu! Wakatokea wengine, wameshikana nguo. Tungaraza akatazama uso baada ya uso. Nyamizi hayumo.

"Bibi, usiache! Nakuomba, usiache!"

Hakuacha. Mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtoka, hakuacha. Vuuuu! Vuuuu! Mpaka kivuli kikatambaa kutoka vumbini, na kivuli kile kilikuwa Nyamizi.

Kesho yake Tungaraza akaenda na kikombe. "Bibi, nipe dawa nipone leo."

"Ya kupona leo sina. Kunywa leo, kunywa kesho. Ukipona, kunywa vilevile. Piga baragumu lako kwanza, kisha kunywa."

Akanywa. Uso ukajikunja. Wazee wakaja na vikombe vyao. Baadaye ikawa kila nyumba, koroga, koroga, koroga. Polepole fizi zikafunga, meno yakashika.

Miaka ikapita, Bibi Sikudhani akafa. Siku ya maziko Tungaraza alipiga baragumu. Kisha ukapitishwa uji mchachu, kila mtu na kikombe chake. Nyuso zikakunjamana, machozi yakatoka, isijulikane nani analia kwa ukwaju na nani analia kwa Bibi. Tungaraza alitupa udongo wa mwisho huku ameuma meno. Meno yake yote. Bibi hakuzikwa na kibogoyo.

Nanyi mnaokunja pua huko nyuma, nawaona! Kinachokulinda kinataka kuliwa kila siku, ungali mzima, si siku damu imeshafika kidevuni.

Hadithi yangu imefika mlangoni pa Bibi Sikudhani, na hapo imeishia. Kikombe hicho hapo. Nani anaanza?