Gogo Lenye Matawi Mawili Kisimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba yao na masufuria yao na magomvi yao ya majirani... Siwema, usitikise mguu! Mkeka wote unatetemeka. Nikisimulia nataka miguu itulie. Haya, tuendelee.

Kijiji kizima cha wanyama kilikuwa na kamera moja. Moja tu! Ilizunguka nyumba hadi nyumba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Fundi hakuwepo hata mmoja. Walikuwa wanajifunza tu, wanapiga picha kwa kupenda.

Mama Kobe ndiye aliyezisafisha hizo picha nyumbani kwake, dirisha limezibwa kwa magunia. Kila Ijumaa alasiri zilitundikwa kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, pale karibu na kisima, na chini ya kila picha kikaratasi chenye jina la mpigaji. Kisha wote wanakaa, picha zinajadiliwa.

Zinajadiliwa! Zilikuwa zinatukanwa, nisiwafiche.

Mwenyekiti alikuwa Nyati. Nani alimchagua? Pembe zake. Na Nyati alikuwa na sheria moja: akisema "mbovu" mara tatu juu ya picha zako, kamera huishiki tena mpaka mvua za mwaka ujao. Hasemi mbovu kwa nini. Hasemi ufanyeje. "Mbovu! Lete nyingine!" Basi. Na ubavuni pake alikaa Fisi, ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia: "Mbovu kabisa, Mwenyekiti!"

Na picha za Nyati mwenyewe? Aa, hizo zilikuwa "Loo!" na "Maridadi!" na "Hongera, Mwenyekiti!" Mwenyewe hata hakuzitazama. Alikuwa akitazama nyuso za wanaomsifu.

Sasa palikuwa na Nguchiro. Kadogo, kembamba, hakatulii! Anakula amesimama, anasalimia anakimbia, na akilala mkia bado unafanya kazi. Nguchiro alikuwa amekwisha kula mbovu mbili. Bado moja tu.

Na Jumapili bibi yake alikuwa anakuja. Bibi aliyemlea, aliyekaa ng'ambo ya vilima, na ambaye hajapigwa picha hata moja tangu azaliwe. Alikuwa ametuma salamu: "Safari hii ndiyo ya mwisho, miguu imechoka. Nipige picha moja ya uso wangu, mjukuu wangu, ubaki nayo." Mnaona basi? Bila kamera, hakuna uso wa Bibi.

Ijumaa hiyo mchana, Nguchiro huyoo mlangoni kwa Mama Kobe.

"Hodi! Hodi hodi hodi! Zimekauka?"

"Karibu. Zimekauka. Lakini hii yako, mwanangu..."

"Mbovu?"

"Sijasema mbovu. Nasema hivi, unapobonyeza..."

"Basi ni mbovu! Ya tatu hiyo! Maskini Bibi yangu!"

"Tulia nikwambie."

"Sina nafasi ya kutulia!" Nguchiro akaruka juu ya meza, akashuka, akaruka tena, akaanza kupekua picha za wenzake. Wiki hiyo Mwenyekiti alikuwa amewaagiza wote wapige kitu kimoja, kisima cha kijiji. Kisima, kisima, kisima. Akafika kwenye picha ya Nyati, akasimama. Naam, alisimama!

"Mama Kobe, hiki kitu cheusi ni nini? Kimelala ukutani mwa kisima, kina matawi mawili."

Mama Kobe akatazama nje kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwaka wa tatu huu nakiona. Apige mlima, kipo. Apige harusi, kimelala juu ya bibi harusi. Huwa anapiga jua likiwa mgongoni mwake."

Nguchiro akaelewa. Macho yakamtoka.

"Na hujamwambia?"

"Gamba langu ni gumu, mwanangu, lakini si gumu hivyo."

Nguchiro akakuna sikio. Akakuna la pili. "Mama Kobe, leo nitundikie mimi. Wewe pumzisha miguu."

"Unataka kufanya nini?"

"Kusaidia tu!"

"Mh," akasema Mama Kobe.

Nguchiro akazoa picha, akazoa vibanio, mbio mpaka kisimani. Akatundika zote vizuri kabisa. Ila vikaratasi viwili, lahaula, vilibadilishana mahali! Jina la Nguchiro likakaa chini ya picha ya Nyati, na jina la Nyati likakaa chini ya picha ya Nguchiro.

Alasiri wakakusanyika. Nyati akaja anakanyaga, puu, puu, puu! Fisi nyuma yake.

Akaanza na kikaratasi chake. Macho kwenye jina tu.

"Hii ni yangu. Semeni."

"Maridadi!" akadakia Fisi. "Tazameni maji yanavyocheza! Kisima chenyewe kinacheza! Huyu ndiye mpigaji!"

"Kweli kinacheza," akasema Nyati, amevimba. "Kuna mwendo ndani yake. Jifunzeni!"

Nguchiro alitaka kucheka hata mbavu zikamuuma. Akauma mkia wake mwenyewe.

Nyati akasogea kwenye jina la Nguchiro. Akapuliza pua, fwoo!

"Eti hii nini? Nani ameacha gogo mbele ya kisima? Gogo jeusi, matawi mawili yamechomoza! Hukuliona? Huna macho? Mbovu!"

"Mbovu kabisa, Mwenyekiti!"

Nguchiro akasogea, sauti ya unyenyekevu. "Shikamoo, Mwenyekiti. Pengine ukiitazama kwa upande huu..."

"Nimetazama! Mbovu!"

"Au ukirudi nyuma kidogo..."

"Mbovu, mbovu, mbovu! Unataka ngapi?"

"Hizo zinatosha, Mwenyekiti. Kamera basi, mpaka mvua za mwaka ujao. Ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria! Haibadiliki kwa yeyote!"

"Wote mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wote, wengine wakimhurumia.

"Nina ombi moja tu la mwisho. Kisima ndicho hiki hapa. Tulitafute hilo gogo tulitoe, lisimharibie mwingine. Mwenyekiti una nguvu. Simama hapa, picha ilipopigiwa, utuonyeshe liko wapi."

Nyati akasimama. Jua la alasiri lilikuwa mgongoni mwake, na kivuli chake kikaanguka ukutani mwa kisima, mwili mzima, na pembe mbili juu.

Wote wakageukia ukuta.

Kuku mmoja akasema, "Gogo lile!" Kisha akajifunika bawa mdomoni.

Nyati akageuza kichwa kushoto, gogo likageuka. Akageuza kulia, likamfuata. Akaenda kwenye kamba, kwa mara ya kwanza akaitazama ile picha hasa. Kisha akatazama kivuli. Kisha picha.

"Nani amebadilisha vikaratasi?" akanguruma.

"Mimi!" akasema Nguchiro, na kabla neno halijaisha, chwi! Yumo kwenye shimo kando ya kisima, pua tu nje. "Picha ya gogo ni yako, Mwenyekiti! Na umesema mbovu mara ngapi?"

"Tano," akasema Mama Kobe polepole. "Nimehesabu."

Nyati akapiga kwato, vumbi likatimka, na wadogo wote wakakumbatiana kwa hofu. Akainamisha pembe kuelekea lile shimo. Wote wakafumba macho.

Lakini Nyati hakushambulia. Alikaa chini, puu! Akaonekana mzee ghafla.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu natundika kivuli changu, mkaniambia maridadi. Mlikuwa mnanicheka?"

"Hapana," akasema Mama Kobe. "Tulikuwa tunakuogopa."

Nyati aliona aibu, jamani. Aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akauliza kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia: "Basi nifanyeje?"

"Sogea kando kidogo," akasema Mama Kobe, "jua likupige ubavuni badala ya mgongoni. Kivuli kitaanguka pembeni."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nguchiro akatoka shimoni anarukaruka. "Na yangu aliisifu! Mmesikia, ina mwendo!"

"Yako," akasema Nyati, akiitazama safari hii, "imetikisika. Kisima kina midomo mitatu."

Hee! Nguchiro manyoya yote yalisimama. Alitaka kubisha, alitaka kurudi shimoni, alitaka kuuma mtu. Uso wa Bibi ukamjia, una midomo mitatu. Akanywea.

"Mama Kobe," akasema, "mchana ulitaka kuniambia nini?"

"Ulinipa nafasi?"

"Sikukupa. Nipe sasa. Nimetulia, ona." Mkia tu ndio uliokataa.

"Egemeza viwiko kwenye kitu. Bana pumzi. Bonyeza polepole."

Nyati akaifuta ile sheria ya mbovu tatu hapo hapo, na Fisi akaitikia, "Imefutwa kabisa, Mwenyekiti!"

Jumapili Bibi akafika, kajikongoja, kajifunga kanga mpya. Wakamkalisha kwenye kigoda. Nguchiro akatafuta pa kuegemeza viwiko, hapakuwa na meza wala kisiki. Mnajua nani alipiga magoti? Nyati! Nguchiro akampanda shingoni, akaweka viwiko juu ya zile pembe mbili.

"Usipumue, Mwenyekiti!"

"Wewe tuliza mkia, unanitekenya!"

Nguchiro akabana pumzi. Kwa mara ya kwanza maishani, pua mpaka mkia, akatulia.

Kacha!

Mama Kobe akasafisha, wakaleta picha ingali mbichi. Bibi huyo! Kila unywele, kila kunyanzi, na lile jino lake moja linacheka. Nguchiro akalia, hakujificha.

"Fisi," akasema Nyati, "unaionaje?"

"Maridadi! Mari..."

"Sema kweli."

Fisi akasogeza pua kwenye picha. "Ncha ya sikio la Bibi... imekatwa hapo juu."

Wote wakainama kutazama. Kweli, imekatwa!

Nguchiro akafuta machozi, akaenda mwenyewe kupanda tena shingoni kwa Nyati. "Ahsante, Fisi. Bibi, rudi kwenye kigoda, tunarudia."

"Fanyeni upesi basi," akasema Bibi, "shingo inaniuma!"

Kacha! Na hiyo ya pili, wanangu, ilikuwa na masikio yote mawili.

Ndiyo hivyo: ukimwonyesha mwenzio kosa, mwonyeshe na namna ya kulirekebisha, na ukionyeshwa wewe, tulia usikie. Siwema, nakuambia wewe, huo mguu!